Mbwa mzee anabweka usiku kucha: jinsi nilivyotatua

Tatizo: mbwa wa miaka 13 analala mchana kutwa, usiku anazunguka nyumba, anabwekea ukuta, anakojoa ndani. Dalili iliyonishtua zaidi ni kusimama mlangoni upande wa bawaba, akingoja ufunguke huko. Mbwa asiyeona vizuri mara nyingi hupapasa mpaka apate njia. Aliyepungukiwa kumbukumbu kwa uzee huweza kusimama tu.

Hata hivyo, usikimbilie kulaumu ubongo. Maumivu ya viungo, ugonjwa wa figo, kisukari na maambukizi ya mkojo huleta tabia zilezile. Daktari wa mifugo alipima mkojo, damu, presha na viungo kwanza. Usimpe ibuprofeni ya nyumbani: huleta vidonda vya tumbo na kuua figo.

Vipimo vilipokuwa safi, daktari aliandika selejilini, dawa ya mbwa wazee waliopungukiwa kumbukumbu, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja asubuhi. Matokeo huchukua wiki kadhaa, na wengi huacha mapema mno. Hatari kubwa kwetu ni dawa ya kupe yenye amitrazi: haichanganywi kabisa na selejilini; vivyo hivyo tramadoli, dawa ya maumivu. Tulibadilisha dawa ya kupe kabla ya kidonge cha kwanza.

Nyumbani: jua la asubuhi, matembezi mafupi mara 3, chakula saa 12 jioni, kukojoa saa 4 usiku, taa hafifu, mkeka usioteleza. Samani zisihamishwe. Akibweka usimfokee, hofu huzidi. Mtoe akojoe, mrudishe kimya.

Sasa analala hadi alfajiri. Mahangaiko yakirudi ghafla, tunaanza upya na kipimo cha mkojo.