Nilivyokausha thina ya vanishi kwa shanga za zeolaiti

Vanishi ya poliurethani, ile ya makopo mawili, ikitoka na vitundu kama uso wa chila, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Ataambiwa bomba lake chafu, ubao haukukauka, kapaka nzito. Mara nyingine ni kweli. Lakini kwenye karakana tunakochanganyia vanishi hapa Dar es Salaam, msimu wa masika vitundu vilikuwa vikitokea mfululizo, kwenye mninga na kwenye ubao wowote. Nikapaka kipande cha kioo, maana kioo hakina unyevu wa kusingiziwa. Vikatokea vilevile. Basi maji yalikuwa ndani ya kopo.

Hadina, yaani kopo la pili la kukazia, ina kemikali ya isosayaneti, na kazi yake ni kushikana na resini ya kopo la kwanza mpaka vanishi iwe ngumu. Ikikutana na maji inashikana nayo pia, na hapo inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi inatafuta pa kutokea wakati vanishi imeshaanza kukaza. Na maji yalikuwa yanaletwa na thina, ile tunayochanganyia vanishi iwe nyepesi. Thina yetu sehemu kubwa ni ethili aseteti, kemikali inayoweza kubeba maji mpaka asilimia 3 hivi bila kubadilika sura. Unaishika juani, inang'aa, huoni kitu.

Asilimia 0.2 ya maji inasikika kama si chochote. Piga hesabu: dumu la lita 20 lina kilo 18 hivi za ethili aseteti, kwa hiyo maji ni gramu 36. Maji hayo yakiungana yote na isosayaneti, yanatoa karibu lita 50 za gesi. Tena yanakula hadina yako: kwa hadina ya kawaida yenye asilimia 13 ya isosayaneti, ni kilo moja na robo inayopotea bure. Hii hasara ya pili watu hawaizungumzii, wakati ndiyo inayofanya meza ibaki laini na kuchubuka kwa kucha.

Jawabu la haraka ni kununua thina iliyotengenezwa mahsusi kwa poliurethani. Ipo, lakini bei yake kwa karakana ndogo inauma, na dumu likishafunguliwa mara kadhaa kwenye hewa yetu ya pwani linavuta unyevu tena. Kuchemsha na kukusanya mvuke hakusaidii, kwa sababu ethili aseteti na maji hupanda pamoja kwenye nyuzi 70 hivi. Kilichobaki ni kutafuta kitu cha kunasa maji na kuiacha thina.

Watu wengi walinitajia silika jeli, vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Ni nzuri kwa hewa. Ndani ya ethili aseteti ni hadithi nyingine: matundu yake ni mapana, thina nayo inaingia na kugombea nafasi na maji, na thina ni nyingi mno. Zeolaiti ni jamii ya madini yenye matundu madogo mno, na ya aina ya 3A matundu yake yana upana wa angstromu 3 hivi (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Molekuli ya maji inapita, ya ethili aseteti haipiti. Kwangu hoja iliishia hapo. Wasambazaji wa kemikali huziuza kwa kilo, shanga ndogo za rangi ya udongo mweupe. Mafundi friji wanazifahamu bila kujua jina, maana shanga za jamii hiyo ndizo zilizomo ndani ya ile draya ya shaba inayokausha gesi ya friji.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio moja la kiganjani. Weka shanga chache mkononi, zidondoshee maji kidogo. Zikiwa kavu kweli, zinapata moto mpaka unazitupa. Zikibaki baridi, zimeshashiba unyevu wa ghalani na hazitakufaa mpaka uzichome. Kwa macho hutajua, kwa sababu hazibadiliki rangi kama silika jeli ya buluu.

Mimi nazichoma hata zikiwa mpya. Oveni ya umeme, nyuzi 250, trei pana, shanga zimetandazwa nyembamba, usiku kucha. Jua haliwezi kazi hii, wala jiko la mkaa ambalo joto lake hulitawali. Zikitoka zinapoa ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko kinachobana. Ukiziacha wazi mezani zikipoa, zinakunywa unyevu wa chumba na umeme wako umeenda bure.

Kwa uzito, shanga hizi hubeba maji mpaka kama asilimia 20, kwa hiyo gramu 36 zinahitaji angalau gramu 180. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Maji yanapokaribia kuisha, kunasa kunakuwa kugumu, ndiyo maana kwa dumu moja naweka kilo nzima. Natia kidogokidogo, kwa kuwa shanga kavu zinapokutana na maji hutoa joto, na ethili aseteti hushika moto hata kwenye baridi ya friji. Nafunga, natingisha mara kwa mara, naacha siku mbili au zaidi, kisha nachuja kwa kitambaa kinene. Vumbi la shanga likiingia kwenye vanishi utaliona baada ya msasa.

Nilipeleka sampuli mbili kwenye maabara yenye mashine ya kupima maji kwa njia ya Karl Fischer, ya 1935 lakini mpaka leo ndiyo ya kutegemewa. Maji yalikuwa yameshuka chini ya moja ya kumi ya yale ya mwanzo. Kioo changu kikatoka safi.

Kuna uchafu ambao shanga haziugusi. Ethili aseteti hutengenezwa kwa ethanoli, yaani spiriti, na asidi ya asetiki, na ile ya bei rahisi inaweza kubaki na ethanoli kidogo. Ethanoli nayo inakula hadina, ingawa haitoi gesi, na kwenye tundu la 3A haipiti. Kwa hiyo vitundu vikiisha na vanishi bado inachelewa kukauka, usiongeze shanga. Badilisha muuzaji.

Shanga zilizotumika zisiingie oveni zikiwa na thina. Huo ni mlipuko unaousubiri mwenyewe. Nazitandaza nje kivulini, mbali na moto wowote, mpaka harufu iishe kabisa, ndipo zinachomwa upya. Kila mzunguko zinamomonyoka kidogo. Nazipepeta, na zikianza kutoa vumbi jingi nazihamishia kwenye chupa ya kukaushia hewa ya kompresa, nikiweka kichujio mbele yake, kwani hewa ile nayo ilikuwa inapulizia maji kwenye kazi.