Siku ya Kazi, Seva ya Nyumbani na Gemu Zisizozimwa

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijaoga nasoma ripoti ya bakapu, yaani nakala za akiba. Usiku, watu wakiwa wamelala, kompyuta ndogo iliyoko nyuma ya televisheni, ambayo ndiyo seva yangu, hunakili kila faili jipya kwenye diski ya pili, kisha hufunga nakala nyingine kwa usimbaji, isomwe na mwenye ufunguo tu, na kuituma kwenye diski iliyoko nyumbani kwa dada yangu. Kanuni hii inajulikana na kila anayetunza data: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali. Leo ripoti haina kosa, lakini siiamini kwa kuisoma tu. Nachagua picha moja ya zamani, nairejesha kutoka kwenye nakala, naifungua. Inafunguka. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Ndani ya kompyuta hiyo mna picha za familia, kalenda, namba za simu, nyaraka, muziki, filamu, na dunia ya gemu ninayocheza na mpwa wangu. Watu huniuliza kwa nini najitwisha mzigo huu wakati kampuni kubwa zinatoa huduma bure. Kila huduma naipima kwa swali moja: siku mwenye nayo akiichoka, mimi nabaki na nini mkononi? Google ilifunga Reader, huduma yake ya kusomea habari za tovuti mbalimbali, Julai 2013. Januari 2023 ikazima Stadia, huduma yake ya kucheza gemu kupitia intaneti. Fedha za gemu zilizonunuliwa humo ilizirudisha, na huo ni uungwana unaostahili kusemwa. Lakini waliozinunua hawakubaki na gemu, kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa kwenye seva za Google.

Saa 1:00 asubuhi

Njiani nasikiliza muziki unaotoka nyumbani. Simu inaunganishwa na seva yangu kwa WireGuard, njia ya siri ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux, mfumo endeshi huria. Kufika nyumbani kutoka nje si rahisi kama zamani, maana watoa huduma wengi wa intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, na seva yako haionekani. Mimi nimekodi seva ndogo yenye anwani yake, ikawa mlango tu. Data haikai huko.

Programu inayonichezea muziki ni Jellyfin, na napenda sana ilivyozaliwa. Mwishoni mwa 2018 waliokuwa wakitengeneza Emby, programu ya kazi hiyohiyo, waliamua kufunga chanzo cha programu yao, yaani msimbo inaoandikwa nao, wengine wasiuone. Baadhi ya watu hawakukubali. Walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria, yaani lenye msimbo ulio wazi kwa wote, wakalipa jina jipya, wakaendelea. Leseni huria iliwapa haki ya kuondoka na programu nzima.

Saa 3:00 asubuhi

Kazi yangu ya mshahara ni kutunza kompyuta na mtandao wa ofisi. Asubuhi nzima ni ruta iliyogoma, printa, na nywila zilizosahaulika. Kabla ya mapumziko mama mmoja wa uhasibu ananiletea simu yake.

"Mwanangu, hii simu inanitaka nilipe au nifute picha. Nifute zipi? Za wajukuu?"

"Mama, tusifute kitu kwanza."

Tunaingia kwenye akaunti yake, tunaomba nakala kamili ya picha zote. Huduma kubwa siku hizi zina sehemu ya kuomba hivyo, na sheria imesaidia: ile ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kupewa data zake kwa namna ambayo mashine nyingine inaweza kuzisoma. Wengi hawajui kwamba sehemu hiyo ipo, kwa kuwa imewekwa mbali ndani ya mipangilio, wakati kitufe cha kulipia kipo mbele kabisa. Namweleza pia kwamba tarehe za picha huenda zikaja kwenye mafaili ya pembeni, hivyo asishtuke akiona picha za miaka tofauti zimechanganyika. Kuna programu ya kuzipanga upya, nitaiendesha mimi.

Sikumshauri aanzishe seva. Diski mbili za nje, moja kwake na moja kwa mwanawe, zinamtosha. Sisi wapenzi wa seva za nyumbani tuna tabia ya kumtwisha kila mtu dawa yetu, na anayeishia kuumia ni mtu aliyetaka tu picha zake ziwe salama.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko yamegeuka mjadala. Mwenzangu mmoja, mchezaji hodari, haelewi kwa nini nakasirikia gemu ambayo hata sikuwa naicheza.

Namsimulia The Crew. Ni gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014. Hata ukicheza peke yako, ilihitaji kuunganishwa na seva ya kampuni. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na gemu ikafa kwa kila aliyeinunua, hata mwenye diski yake kabatini. Baadaye leseni zikaanza kuondolewa kwenye akaunti za wanunuzi.

"Lakini ndugu yangu, seva zinagharimu," ananijibu. "Unataka kampuni ilipe umeme hadi kiama?"

Hoja yake ni ya haki na naiheshimu. Hakuna anayedai hivyo. Tunachodai ni kwamba siku ya kufunga, kampuni iache gemu iweze kucheza bila mtandao, au itoe programu ya seva ili wachezaji waiendeshe wenyewe. Wengine walishafanya zaidi ya hapo. Kampuni ya id Software walitoa gemu ya Doom 1993, na mwaka 1997 wakaachia msimbo wake. Quake ya 1996 nayo msimbo wake ukaachiwa 1999. Hadi leo Quake inachezwa kwenye seva za watu binafsi, na Doom imehamishiwa kwenye kila kifaa chenye kioo. Ubisoft yenyewe, baada ya kelele za wachezaji, ilitangaza kwamba gemu zilizofuata, The Crew 2 na The Crew Motorfest, zitawekewa namna ya kuchezwa bila mtandao. Kwa hiyo inawezekana.

Kelele hizo zilipata umbo mwaka 2024, Ross Scott, mtengenezaji wa video za YouTube kuhusu gemu, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games ("Acheni Kuua Gemu"). Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni moja Julai 2025. California nako kuna sheria iliyosainiwa 2024 inayolikataza duka la kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Kwangu hiyo ni nusu ya njia: mteja anaambiwa ukweli, ila gemu inaweza kuzimwa vilevile.

Jambo linalonigusa zaidi ni kumbukumbu. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, ilichapisha utafiti uliogundua kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni. Ni kazi za wachoraji, wanamuziki na waandishi, zimeachwa zioze. Ndiyo maana nikinunua gemu natazama duka la mtandaoni la GOG kwanza: unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako, na halimwombi mtu ruhusa.

Mwenzangu hakukubali yote. Aliondoka akisema Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, haijawahi kumwangusha. Naiheshimu Steam pia. Kupitia Proton, programu yao iliyotoka 2018, gemu za Windows zinacheza kwenye Linux kwa namna ambayo zamani hatukuiota.

Saa 10:00 jioni

Najibu barua pepe za mwisho. Hizi siziendeshi nyumbani, na ninamwonya kila anayetaka kujaribu. Kuituma barua ni rahisi. Kuhakikisha imepokelewa ndiyo kazi. Utaweka SPF, DKIM na DMARC, kinga za kuthibitisha mtumaji, sawasawa, na bado watoa huduma wakubwa wataitilia shaka anwani ya nyumbani na kuitupa barua yako kwenye takataka. Nalipia huduma ndogo, lakini jina la kikoa, lile linalofuata alama ya @, ni langu. Wakinichosha, nahama na anwani yangu.

Saa 2:00 usiku

Ujumbe unaingia: "Mjomba, seva iko hewani?"

Iko hewani. Tunacheza Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali. Microsoft iliinunua Mojang, kampuni iliyoitengeneza, mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, na wengi tulitarajia milango ifungwe. Haikuwa hivyo: programu ya seva ya toleo la Java bado inapakuliwa bure, na dunia yote mnayojenga ni folda moja unayoweza kuinakili. Hapo kampuni kubwa imefanya vizuri. Upungufu ni kwamba kuingia kwa kawaida kunapitia akaunti ya Microsoft, kwa hiyo pembeni nimemwandalia mpwa wangu pia Luanti, gemu huria ya jamii hiyohiyo. Anaiona haijapambwa vya kutosha, ila amegundua kwamba anaweza kuibadilisha kwa msimbo wake mwenyewe, na sasa swali lake la kwanza kila jioni ni kuhusu Lua, lugha ya kuandikia msimbo huo.

Leo tunajenga daraja. Katikati ya kazi anauliza, "Mjomba, wewe ukichoka kuendesha seva, daraja letu litakwenda wapi?"

Saa 4:00 usiku

Swali ni halali, na ndilo ninalowauliza wengine kila siku. Kwa familia hii mimi ndiye kampuni. Dada ana diski, lakini diski iliyofungwa kwa usimbaji bila maelekezo haimsaidii. Kwa hiyo nimekaa kumwandikia: funguo za usimbaji zilipo, jinsi ya kutoa picha bila kuwasha seva, folda ya dunia ya mwanawe na namna ya kuifungua kwenye kompyuta ya kawaida. Nimempigia akasoma ukurasa wa kwanza nilioutuma. Ameuelewa. Wa pili amesema una maneno ya kitaalamu mno, kwa hiyo naufuta na kuuandika upya kabla ya kulala.