Bibi anasema hakumtupa

Kwa wiki tatu sasa tunakulia sebuleni, maana meza ya chakula imelaliwa na faili la mtoto. Ni binti wa miaka sita kutoka upande wa Tukuyu, na mume na mke wa kigeni wanaoishi hapa Mbeya wanaomba kumwasili. Mimi nimepewa kutafsiri karatasi zake kwenda Kiingereza ili zisomwe huko kwao. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 29. Nilidhani ni kazi ya siku nne.

Kilichonikwamisha kwanza ni neno mama. Ukurasa wa pili wa taarifa ya Ustawi wa Jamii unasema mama wa mtoto alifariki mwaka 2021. Ukurasa wa nne unasema mama yake yuko Chunya machimboni, na amehojiwa. Wa tano unasema alilelewa na mama yake mpaka mama huyo alipoolewa. Mtu wa Rungwe anasoma hayo na kupita: wa Chunya ni mama mkubwa, aliyeolewa ni mama mdogo, na mtoto wote huwaita mama. Lakini nikitafsiri hivyo hivyo, ofisa wa ng'ambo ataona mama aliyekufa ukurasa wa pili yuko hai ukurasa wa nne, na ana kila haki ya kushuku kwamba mtoto anaibwa. Nikimwita mama mdogo kwa neno la Kiingereza lililozoeleka, shangazi naye anaitwa hilo hilo, na mke wa mjomba pia. Nikampigia afisa ustawi. Tukakubaliana kila mama aandikwe kwa undugu wake kamili, "dada mkubwa wa mama mzazi", "mdogo wa mama mzazi", na yeye akarekebisha taarifa ya Kiswahili na kuigonga muhuri upya.

Likafuata jina. Mtoto ana jina la Kinyakyusa lenye maana ya "tumebarikiwa". Kwenye kadi ya kliniki linaishia na e, kwenye cheti cha ubatizo linaishia na a. Kwetu ni jina lile lile. Kwenye faili ni watoto wawili. Ilibidi bibi yake aletwe mjini kwa wakili kula kiapo kwamba ni mmoja.

Wapo wanaosema sheria yetu inawachosha wageni bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka asiye raia awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto mwenyewe kwa angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi, asiwe na rekodi ya uhalifu, na airidhishe Mahakama Kuu kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Tena ionekane kwamba mtoto hawezi kupata malezi yanayofaa humu humu nchini. Mimi naiunga mkono, hasa hilo la mwisho, kwa sababu nimezisoma karatasi zinazolithibitisha moja baada ya nyingine: barua ya mtendaji wa kijiji, mahojiano na mama mkubwa mwenye watoto saba na asiye na makazi ya kudumu, mjomba aliyekataa, ukoo wa baba usiojulikana. Na hiyo miaka mitatu si ya bure. Hawa wawili wanamwamkia bibi "ugonile" bila kusita, na wanajua mtoto hapati usingizi bila khanga ya marehemu mama yake.

Maelezo ya bibi ni ukurasa mmoja, umeandikwa kwa mkono: "Mimi bibi mzaa mama nimekubali kumtoa mjukuu wangu kwa hiari yangu bila kushurutishwa." Chini yake dole gumba. Afisa aliniambia yanatosha, na sina shaka yanatosha. Ila nilikaa nayo jioni nzima nikashindwa. Kila nilipoligeuza hilo "kumtoa" kwa Kiingereza, lilisomeka kama neno la kitu ambacho mwenyewe hakihitaji tena. Nikawaza binti huyu akiwa na miaka ishirini, Kiswahili kimemtoka, amepewa faili lake asome. Huo ndio ukurasa pekee ambao bibi yake atazungumza naye.

Mtafsiri hana ruhusa ya kubadili neno la mtu. Nikamwomba afisa turudi kwa bibi, naye, Mungu amjalie, alikubali ingawa ana kata tatu za kuhudumia. Alhamisi tukapanda kosta hadi Tukuyu, kisha bodaboda kwenye tope. Tulimkuta bibi anamenya ndizi. Mimi ni wa Kyela, kwa hiyo tuliongea Kinyakyusa, afisa akaandika sentensi kwa sentensi nilivyomwambia kwa Kiswahili.

Bibi alisema: "Mwalimu, mimi sikumtupa. Macho yangu hayaoni. Mwaka jana aliungua na uji wa moto nikiwa nimekaa naye hapo hapo jikoni, sikuona alipoushika. Nimewapa wamlee. Akikua aambiwe mama yake amelala hapa nyuma, chini ya mparachichi."

Nilimsomea yote mara mbili ndipo akaweka dole gumba. Tafsiri yake niliimaliza usiku ule ule.

Sasa inasubiriwa barua moja tu, ya mamlaka ya nchi yao kuthibitisha kwamba wanafaa kuasili. Ikifika, wakili atawasilisha maombi Mahakama Kuu. Bibi aliomba nakala ya maneno yake. Nimemtolea, nimeitia kwenye bahasha ya plastiki isilowe, na Jumamosi nampelekea pamoja na ile kadi ya kliniki aliyoniazima.