Dawa ya hasira kwa mtoto mwenye usonji, sisi tulivyoenda nayo

Nianze na hili ili mtu asije akasoma akitafuta kitu kingine: hamna dawa ya usonji. Hakuna kidonge kitakachomfanya mtoto aongee au acheze na wenzake. Kilichotupeleka sisi kwa dokta ni kujiumiza, kijana wangu alikuwa anajing'ata mkono pale pale kila siku, chini ya kidole gumba, mpaka pakaota sugu nyeusi ngumu kama kisigino, na hasira zikipanda zaidi anapiga kichwa ukutani au anamvamia dada yake na kumvuta nywele hasikii la mtu.

Sasa nilidhani nitatoka na cheti cha dawa siku hiyo hiyo. Wapi! Dokta akamwangalia masikio, akamwangalia meno, akauliza choo anapataje, analalaje, ana dalili za kifafa au hana, kisha akaniambia, "Mama, huyu haongei, akiumwa hana namna ya kukwambia zaidi ya hiyo unayoiona." Na kweli choo kilikuwa kimekaza, tukatibu hicho kwanza na zile vurugu za usiku zikapungua sana bila hata tone la dawa ya hasira. Kwa hiyo ukikutana na dokta anayeandika dawa kabla hajamshika mtoto tumbo, mi ningetafuta mwingine.

Vurugu za mchana zikabaki. Nikapewa kazi ya daftari, kila akichafuka naandika nini kilitokea kabla, alifanya nini, sisi tukafanya nini baada ya hapo. Inachosha jamani, unaandika huku mtoto analia na mwingine anataka chakula, lakini ndo ilituonyesha kwamba nyingi zinakuja akiambiwa aache kitu anachokipenda ghafla au kukiwa na kelele. Na nyingine zilikuwa zinakuja bila sababu yoyote ya kueleweka, hizo ndo zilizotufikisha kwenye dawa.

Tukaanza risperidoni ya maji. Hii Marekani waliipitisha 2006 kwa ajili ya ukali na hasira kwa watoto wenye usonji, aripiprazoli ikafuata 2009, na huko ni hizo mbili tu zenye kibali cha kazi hiyo. Nikauliza kama kweli inasaidia, dokta akanielezea utafiti uliotoka 2002, watoto 101 kwa wiki 8, waliopewa dawa yenyewe 69% walipata nafuu ya kuonekana, waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu isiyo na dawa ndani, 12%. Akanipa na upande wa pili bila kuuficha, kwamba kwenye hizo wiki 8 waliokuwa kwenye dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7, wenzao kilo 0.8. Nilipenda hivyo, bora uambiwe yote.

Dozi inaanza ndogo sana, unaivuta kwa bomba, inapandishwa taratibu kwa uzito na anavyoendelea. Halafu kuna kitu sikuwahi kukisikia: ile ya maji usiichanganye na chai wala soda ya kola, maji ya kawaida au juisi ya machungwa sawa.

Mwanzoni alikuwa anasinzia mchana, dokta akahamishia dozi usiku ikakaa sawa. Wifi yangu akaja kututembelea wakati huo huo wa usingizi, akasema eti "mnamlewesha mtoto ili mpumzike". Iliniuma, ila nikaifanya kipimo changu: kama mtoto amekaa tu kama gunia, dozi imezidi, piga simu kwa dokta. Kama anacheka, anakimbia, anakataa kuvaa viatu kama kawaida yake lakini hajiumizi, hapo ndo penyewe.

Njaa ndo kisanga. Anamaliza kula anarudi jikoni, usiku namkuta mbele ya friji. Tukaweka chakula mbali na macho, kabati likafungwa, uzito tunapima na kuandika kwenye daftari lile lile. Damu wanampima sukari na mafuta, walianza kabla hajaigusa dawa, na kila kliniki wanamwangalia kama mikono inatetemeka, kama ulimi na midomo inacheza yenyewe, na kama kifua kinavimba maana inapandisha homoni ya maziwa hata kwa wavulana.

Sasa faida yenyewe. Zile hasira hazikuisha, zilikuwa fupi, na katikati yake palipatikana nafasi ya kumfundisha. Tukamtengenezea kadi za picha, ya "imetosha", ya "nataka kupumzika", tukawa tunamwonyesha na kadi ya kinachofuata kabla hatujamnyang'anya kitu. Kabla ya dawa kadi hizo hizo alikuwa anazichana. Siku dada yake amewasha muziki mkubwa akaja akanipa ya "imetosha", akaziba masikio, akasimama ananisubiri. Nilizima muziki haraka mpaka dada mtu akalalamika.

Kwa sasa tunajaribu kuishusha dozi, kidogo kidogo na dokta, kwa sababu ukiikata ghafla hasira zinaweza kurudi kwa kishindo. Hatua ya kwanza ilipita vizuri, ya pili kung'ata kukarudi kidogo, tukarudi pale ilipokuwa inamtosha. Kliniki ijayo naenda na daftari, tunazungumzia uzito na kama aripiprazoli ingemfaa zaidi.