Nani mwingine alimuuliza goti linaendeleaje?

Nimerudi jana kutoka Tukuyu na moyo bado haujatulia. Mama mdogo ametapeliwa. Ukoo mzima unasema ni tamaa ya dhahabu. Mimi nimesoma meseji zote, kwa ruhusa yake, na dhahabu ilikuja mwisho kabisa. Kwanza zilikuja salamu.

Ni mjane, mwalimu mstaafu. Watoto wako Dar es Salaam na Dodoma, wanatuma matumizi kila mwisho wa mwezi, hilo siwanyimi. Lakini mvua za Rungwe zikianza, jioni za kule ni ndefu. Ndipo likaja ombi la urafiki Facebook: "daktari wa upasuaji" Mmarekani, mgane, yuko Yemeni na Umoja wa Mataifa. Siku chache tu, wakahamia WhatsApp. Kila alfajiri: "Malkia wangu, umeamkaje? Goti linaendeleaje leo?" Sote tunajua mama mdogo anaumwa goti. Nani kati yetu alikuwa akimuuliza kila siku?

Kiswahili cha yule mtu kilikuwa cha kutafsiriwa na mashine: "Moyo wangu unapiga kwa ajili yako katika kila pumzi ya anga." Mama mdogo, aliyefundisha Kiswahili hadi kustaafu, aliyaona makosa, akasema mgeni anajitahidi. Simu ya video haikuwezekana kamwe. Mara kamera mbovu, mara kambini hawaruhusiwi.

Kisha kifurushi cha zawadi, na dhahabu ndani yake, "kikakwama" uwanja wa ndege Dar, kinadaiwa ushuru, na pesa zitumwe kwenye namba ya simu ya kawaida. Hapa naomba kila mwenye mzee amweleze taratibu: ushuru wa serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hautumwi kwenye simu ya mtu. Na kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Kwa mama mdogo lilitokea jina la Mtanzania. Alipouliza, akajibiwa kuwa huyo ndiye wakala wa forodha, na asimwambie mtu, ndugu wana wivu.

Awamu ya kwanza ikaenda. Ya pili iliokolewa na binti wa kibanda cha wakala. Alimwona mama anahesabu noti huku mikono inatetemeka, akamuuliza, "Samahani mama, huyu unayemtumia mmewahi kuonana?" Angeweza kunyamaza, apate kamisheni yake. Mungu ambariki binti yule.

Sasa watoto wanataka kumnyang'anya simu janja. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Mama, mapenzi kwa umri huo?" Niliumia. Mzee akichekwa leo, kesho akitongozwa tena atakaa kimya, na tapeli anaishi kwa ukimya huo. Januari 2025 televisheni moja ya Ufaransa ilionyesha habari ya mwanamke aliyepoteza euro 830,000 akiamini anachumbiwa na Brad Pitt, kwa picha za kutengenezwa na akili bandia. Watu walimkejeli mtandaoni hadi kituo kikaondoa kipindi. Wangapi waliokuwa wakitapeliwa saa hiyohiyo waliona kejeli zile wakaamua kutosema? Marekani, mwaka 2022 pekee, watu karibu 70,000 waliripoti utapeli wa mapenzi, hasara dola bilioni 1.3. Hao ni waliothubutu kuripoti.

Hatukufuta kitu. Meseji, picha na risiti za miamala tumezipeleka polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. Namba ya tapeli tumeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Tumepiga pia *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mama mdogo; zote ni zake. Simu amebaki nayo. Niliwaambia binamu zangu wapange zamu ya kumpigia, na wapige kwa video ili awaone wajukuu.

Leo mchana amenipigia yeye. Kuna mtu amejitambulisha kama mpelelezi wa mitandao, anasema pesa zimepatikana, alipie ada kidogo arudishiwe. Matapeli huuziana namba za waliokwisha kuliwa, ndiyo maana wa pili huja haraka. Mama mdogo alimwambia asubiri, kwanza aongee na mwanawe.