Mwili wangu naujua

"Mdogo wangu, ukienda kupima ndipo unapoletewa ugonjwa." Kaka aliyasema hayo Jumapili akifunga kamba za viatu, hata macho hakuinua. Nikamwambia, "Kaka, presha haipigi hodi." Akacheka tu. "Mwili wangu naujua."

Wiki hii binamu kaolewa, ofisi nayo imehamia jengo jipya, lakini kinachonizunguka kichwani ni hayo maneno matatu. Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwa nini. Baba naye alikuwa na usemi huohuo, mpaka asubuhi ile kikombe kilipomponyoka na mdomo ukapinda upande mmoja.

Nikiosha vyombo namjibu kaka. Nikiwa kwenye foleni namjibu. Namwambia hakuna anayeijua presha yake kwa kujisikiliza! Mtu anaweza kuishi na 160 kwa 100 miaka mingi, analala vizuri, kichwa hakimuumi, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaumia kimyakimya. Afya ya kupimwa kwa kutosikia maumivu inanitia hasira, kwa sababu anayeachwa na msiba si yule aliyesema anaujua mwili wake.

Jana usiku akaja bila hata kupiga simu. Akawaulizia watoto, akauliza habari za kazi, akakaa kimya kidogo. Kisha: "Ile mashine yako ipo?"

Nilimwacha atulie dakika tano, mgongo kwenye kiti, nyayo zote chini, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda ulipoanza kubana akataka kuongea, nikamwashiria anyamaze, na kaka yangu akanitii. 156 kwa 98. Tukapumzika kidogo, tukarudia: 152 kwa 96. Hakusema neno. Alishusha mkono wa shati akawa anahangaika na kifungo, hakiingii tunduni, nikamfungia mimi.

Nikamweleza kuwa vipimo vya usiku mmoja havitoshi kumwita mtu mgonjwa, vinarudiwa siku nyingine. Ila ikiendelea kusoma 140 kwa 90 na kupanda, lazima ishughulikiwe: chumvi ipungue, mwendo wa miguu uongezeke, na dawa pia daktari akiona inafaa.

"Hizo dawa ni za maisha?"

"Mara nyingi ndiyo, kaka."

Akatazama mashine. "Basi Jumatatu twende wote."

Hasira zote za wiki ziliniisha palepale. Nimemsindikiza hadi barabarani, nimerudi nikitamani kumwamsha mama nimwambie. Sijapata furaha ya namna hii tangu tumzike baba.

Sasa usingizi haupo, nimebaki na mawazo ya kazini. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na kule jengo jipya meza zimeshabandikwa majina isipokuwa yangu. Nilimuuliza bosi Ijumaa, akasema tutaongea.