Rimoti ya buti: kwa nini alamu ya kiwandani inalia

Mtu ananunua kisanduku cha rimoti ya buti, anafunga, anabonyeza. Buti linafunguka, na king'ora kinaamsha nusu ya Area D, mtaa wa Dodoma. Kisanduku hakina kosa. Alamu ya kiwandani bado iko kwenye ulinzi, inaona swichi ya buti imeachia, nayo haina namna ya kujua aliyefungua ni mwenyewe. Alamu inatakiwa izimwe kabla buti halijafunguka.

Kwanza umeme wa sulenoidi, ile sumaku ya umeme inayovuta kitasa. Waya wa buti kwenye visanduku vingi hutoa hasi tu, tena hasi dhaifu, miliampea 200 hadi 500. Sulenoidi ya kuvuta kitasa inaweza kula ampea 10. Ukiunganisha moja kwa moja unaunguza transista ya ndani. Weka relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya volti 12, ampea 30, miguu mitano. Mguu wa 86 na wa 87 ipate moto (chanya) wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15. 85 upate waya wa kisanduku. 30 uende kwenye sulenoidi, na waya wake wa pili ufungwe kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Kati ya 85 na 86 weka dayodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake ukielekea 86. Waya wa sulenoidi uwe wa milimita 2.5 za mraba. Wa ishara, 0.75 inatosha. Gari likiwa na swichi ya umeme ya buti tayari, huhitaji sulenoidi: pima kwa mita swichi hiyo inapeleka nini. 30 uende kwenye waya wa swichi hiyo. Ikipeleka hasi, 87 unakwenda kwenye bodi, si kwenye moto.

Sasa alamu. Mafundi waya wengi hukata waya wa swichi ya buti na kuupitisha kwenye 87a ya relei ya pili (mguu unaoachana na 30 relei ikivuta), ili alamu isione kitu. Inafaa kwa sekunde moja. Mpigo wa rimoti ukiisha relei inarudi, alamu inakuta buti liko wazi, inalia wewe ukiwa umeinama na kreti ya zabibu mikononi.

Mimi naona bora kupitia kwenye ufunguo. Funga gari kwa rimoti ya kiwandani, subiri dakika moja, kisha fungua mlango wa dereva kwa ufunguo. King'ora kikilia, gari hilo halizimi alamu kwa ufunguo. Hapo hakuna ujanja, bonyeza rimoti ya kiwandani kwanza ndipo ya buti. Kikinyamaza, tafuta waya wa swichi iliyo nyuma ya tundu la ufunguo. Kwenye magari mengi volti yake hushuka hadi sifuri ufunguo ukizungushwa upande wa kufungua. Uunge na waya wa kisanduku kupitia dayodi nyingine, mstari ukielekea kisanduku. Ukiiacha dayodi hii, hasi ya ufunguo itarudi hadi kwenye 85, na buti litafunguka kila ukifungua mlango kwa ufunguo. (Milango nayo huenda ikafunguka ukibonyeza ya buti, gharama ndogo.) King'ora kikitoa mlio mmoja kisha kikakata, alamu imechelewa kuzimika: weka kichelewesho cha nusu sekunde kabla ya relei ya buti.

Waya wa njano chini ya dashibodi usiutoboe, mara nyingi ni wa mifuko ya hewa. Ukishamaliza kupima, toa hasi ya betri kabla ya kuanza kuunga waya, na maungio yalehemu kwa risasi. Gundi ya utepe wa kawaida huyeyuka ndani ya gari lililoanikwa juani Dodoma. Panapo bawaba za buti acha waya ulegee kidogo, la sivyo utakatika kwa kukunjwakunjwa.

Kiangazi, usipake grisi nyingi kwenye kitasa. Vumbi jekundu hugandamana nayo, kitasa kinakuwa kizito, sulenoidi inavuta bila kufungua, na fyuzi ndiyo inalaumiwa. Safisha kwa brashi na petroli kidogo, betri ikiwa imetolewa, acha ikauke, kisha paka unga wa grafiti.